Kile kipimo cha choo kinacholetwa na posta: nimekitumia, nimekosea, nimerudia, haya ndo maoni yangu

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake: nne kati ya tano. Moja nimeikata na nitaeleza huko chini kwa nini, ila haihusiani na uchafu, maana najua hicho ndo kitu cha kwanza kila mtu ananiuliza, "sasa ulikishika kwa mkono?" Hapana jamani, hakuna kushika kitu.

Mnaoishi Australia na mmeshagonga miaka 50 mnakijua. Ni bahasha nene inatua kwenye sanduku la barua hujaiomba, hujailipia, ina jina lako, ndani kuna vifaa vya kupima damu iliyojificha kwenye kinyesi ili kuangalia dalili za kansa ya utumbo mpana. Mpango wenyewe unaitwa National Bowel Cancer Screening Program, ulianza 2006 kwa watu wa umri fulani fulani tu, wakawa wanaongeza ongeza mpaka sasa kila mwenye miaka 50 hadi 74 anatumiwa kila baada ya miaka miwili, na tangu tarehe 1 Julai 2024 wenye miaka 45 hadi 49 nao wamefunguliwa mlango, ila hao cha kwanza lazima wakiombe wenyewe halafu vinavyofuata vinakuja vyenyewe. Lazima uwe na Medicare, ile bima ya afya ya serikali, kama huna hakiji.

Wazungu wanakiita kit. Mi siku ya kwanza nikamwambia jamaa yangu kwa simu "bwana nimeletewa kiti na serikali", akanipongeza, akauliza ni cha sebuleni au kile cha kunyoosha mgongo. Tangu siku hiyo nakiita kipimo tu na hapa nitaendelea hivyo hivyo.

Sasa nikiri kosa langu. Cha kwanza kilikuja nilipotimiza 50 nikakitupia kwenye droo ya jikoni, ile droo ambayo kila nyumba inayo, ya betri zilizokufa na funguo ambazo hakuna anayejua zinafungua nini. Nikasema wikiendi hii nafanya. Ikapita wikiendi, ikapita Ramadhani, ikapita sikukuu, siku naenda kutafuta bisibisi nikakikuta, kuangalia vile vichupa vimeshapita tarehe. Ndio, vina tarehe ya mwisho wa kutumika kama maziwa, ndani kuna maji ya kuhifadhia sampuli na yakizeeka hayafai tena, kwa hiyo ukikipokea kabla ya yote angalia hiyo tarehe. Nilijiona mzembe peke yangu kumbe niko na jeshi zima, wanaorudisha vipimo hivi ni kama wanne tu katika kila watu kumi. Yaani serikali inanunua, inafungasha, inatuma nchi nzima, halafu sita kati ya kumi vinaishia kwenye droo na betri.

Na sikuogopa wala nini, ukweli ni kwamba sikuona sababu. Naenda choo vizuri, nakula vizuri, tumbo haliumi, sasa nijipime nini? Sisi tumekua hivyo, hospitali unaenda ukiumwa, na ukienda huumwi nesi mwenyewe anakushangaa. Kuna ule msemo wa mficha maradhi kifo humuumbua, mama yangu alikuwa anaupenda sana, lakini nilivyokuja kusoma kile kijitabu nikaona hapa hata haufanyi kazi, maana huu ugonjwa huufichi wewe, unajificha wenyewe. Inaanza na vijinyama vidogo vinaota kwenye ukuta wa utumbo, wanaviita polipu, vingi havina neno vitakaa hapo mpaka uzeeke, ila baadhi vinabadilika taratibu, inaweza kuchukua hata miaka kumi, mpaka vinakuwa kansa. Na muda wote huo haviumi, haviwashi, unakula ugali wako unalala. Kinachotokea ni kwamba wakati mwingine vinavuja damu, kidogo mno, jicho haliioni hata uinamie na tochi. Hiyo damu ndo kipimo kinaitafuta. Ikishikwa mapema, zaidi ya watu tisa kati ya kumi wanatibika, na ikiachwa ndo hiyo inayoshika nafasi ya pili kwa kuua kati ya kansa zote hapa nchini baada ya ya mapafu. Nilivyoelewa hivyo nikapiga simu kuomba kingine. Hawakunisema, hawakuuliza cha kwanza kiko wapi, waliniletea bure.

Haya tufungue bahasha. Ndani kuna barua, kijitabu, fomu moja, karatasi mbili laini za kutandika chooni, vichupa viwili vidogo kama vya matone ya macho ila vyembamba zaidi, kila kimoja kifuniko chake kimeungana na kijiti, kimfuko cha plastiki cha kubana mdomo, na bahasha ya kurudishia ambayo stempu imeshalipiwa. Ndo basi. Nilitegemea glavu, barakoa, sijui kikombe, hamna. Mwanzo nikaona kama wamebana matumizi lakini baada ya kufanya nikaelewa kwamba havihitajiki, aliyebuni hii kitu alikaa akafikiria kweli kweli namna ya kukufanya usikutane na mzigo wako uso kwa uso.

Unaandika kwanza jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya siku hiyo kwenye lebo ya kichupa. KABLA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu utaona yaliyonipata. Halafu unakojoa kwanza, unaflashi, ndo unatandaza ile karatasi juu ya maji ndani ya bakuli la choo, inaelea kama jani la yungiyungi. Mzigo unatua juu ya karatasi badala ya kuzama. Unafungua kifuniko, kijiti kinatoka nacho, unakipitisha pitisha juu juu sehemu kadhaa za kinyesi, hutaki donge, unataka kile kinachonata kwenye ncha tu, kiasi cha punje ya mchele. Watu wanadhani ukiweka kingi ndo majibu yatakuwa mazuri zaidi, la hasha, unaharibu. Unarudisha kijiti ndani, unafunga mpaka kibane, unatikisa, imeisha, karatasi na kila kitu unaflashi vinaondoka pamoja kwa sababu ile karatasi inayeyuka. Dakika mbili. Kumkata mtoto kucha ni kazi kubwa kuliko hii.

Kuna jambo kijitabu hakijaandika na nadhani hawakutufikiria sisi, na ni la muhimu kwa watu wa kopo la maji. Chukua sampuli kwanza ndo ujisafishe. Mimi kwa mazoea ya miaka yote mkono ulishaenda kwenye kopo kabla sijakumbuka, na maji yakimwagika pale kila kitu kinalowa, karatasi inazama na mzigo wake, unabaki umesimama na kijiti mkononi kama mwalimu wa madrasa asiye na wanafunzi. Ikabidi nisubiri mpaka siku ya pili yake.

Tena sio mara moja, unatakiwa kuchukua sampuli mbili kutoka choo mbili tofauti. Mwenzangu kazini yeye alijaza vichupa vyote viwili kwa mkupuo akasema amemaliza mapema. Sio hivyo. Vile vijinyama havivuji kila siku, leo vinaweza kuwa vikavu kesho vikavuja, ndo maana wanataka siku mbili au angalau haja mbili, ili usipishane na hiyo damu. Ni sawa na kumvizia mpangaji asiyelipa kodi, ukienda mara moja ukakuta mlango umefungwa huwezi kusema hayupo.

Na kati ya sampuli ya kwanza na ya pili ndo tunafika kwenye friji.

Maelekezo yanasema weka kwenye friji, sio friza, friji. Sababu ipo na ina maana, kinachotafutwa ni ile himoglobini ya kwenye damu, na joto linaivunja vunja, sasa sampuli ikikaa kwenye joto damu inaweza kuwepo na mashine isiione, unaambiwa uko salama kumbe hauko. Wako makini na hilo mpaka maeneo yenye joto kali hawayapelekei vipimo miezi ya joto, wanasubiri hali ipoe. Mi naishi Perth, anayeijua Januari ya Perth anaelewa. Kwa hiyo friji ni lazima, hakuna ujanja.

Sasa mwambie hivyo Mama Nassor. "Baba Nassor, najisi kwenye friji yangu? Yenye chakula cha watoto?" Nikamwambia kiko ndani ya kichupa, kichupa kimefungwa, kiko ndani ya mfuko, mfuko umebanwa. Akasema hata kingekuwa ndani ya sefu ya benki. Mjadala ulichukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Mwisho tukakubaliana kiingie kwenye kopo la aiskrimu, likafunikwa, likawekwa rafu ya chini kabisa nyuma. Mnaona tatizo liko wapi? Kopo la aiskrimu. Kwenye nyumba ya Mswahili. Ambapo miaka yote watoto wamefundishwa kwamba kopo la aiskrimu ndani yake kuna samaki wa jana. Nassor katoka zamu ya usiku ana njaa, kafungua akijua kuna kiporo. Sitasimulia zaidi, ila alisoma lebo yenye jina la baba yake kwa sauti, taratibu, neno kwa neno. Ushauri wangu andika juu ya kopo, na andika kwa kalamu nene.

Baada ya sampuli ya pili unasaini fomu, unaweka kila kitu kwenye bahasha, unapeleka posta ndani ya saa 24. Usiache kwenye gari, gari hapa ni tanuri. Mi nilipeleka Jumatatu asubuhi, na yule dada wa dirishani alivyoipokea hakushtuka wala hakukunja pua, nadhani anapokea nyingi kwa siku. Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu nikakuta hamna wa kunionea.

Wiki zikapita ikaja barua. Nikaifungua moyo unadunda, kumbe inasema sampuli haikuweza kupimwa kwa sababu kichupa kimoja hakina tarehe. Tarehe! Kila kitu nilifanya, friji niliigombania, mtoto nimemharibia kisaikolojia, halafu nikasahau tarakimu chache tu. Nilikasirika sana ila baadaye nikaona wana haki, sampuli ikikaa siku nyingi mno inaharibika, na bila tarehe hawajui ina umri gani. Pamoja na barua wakaniahidi kipimo kingine, kikaja, nikarudia. Mara hii Mama Nassor alisimama mlangoni na kalamu.

Majibu ya safari hii yalikuja kama wiki mbili baada ya kutuma, hakuna damu iliyoonekana, watanitumia tena baada ya miaka miwili. Nakala wanampelekea na daktari wako kama umemwandika kwenye fomu, mwandike, usiache wazi, kwa sababu ya haya yanayofuata.

Kwa sababu baada ya mimi ikaja zamu ya mama mwenyewe. Yule aliyekuwa hataki kichupa kwenye friji alifanya yake safi, mara moja, tarehe zote, mwandiko kama wa cheti cha ndoa. Barua yake ikarudi imeandikwa damu imeonekana, mwone daktari.

Nyumba ilipoa siku ile. Alikaa kitini na barua mkononi anaisoma tena na tena kama kuna mstari ameuruka. Mimi ambaye kazi yangu ni kuongea sikuwa na la kusema. Kesho yake asubuhi tukaenda kwa daktari wa familia na huyo mama wa watu akatutuliza kwa kutueleza vizuri kuliko kijitabu chochote: kati ya watu mia wanaorudisha kipimo, kama sita au saba hivi wanaambiwa damu imeonekana, na wengi wao hawana kansa. Damu inaweza kuwa ya bawasiri, inaweza kuwa kidonda, inaweza kuwa vile vijinyama ambavyo bado havijawa kitu. Kipimo hakisemi una kansa, kinasema tu kuna damu imetokea mahali, nendeni mkaangalie. Mama Nassor akauliza labda ni ile nyama aliyokula, sisi tulikuwa tumetoka kwenye harusi. Daktari akasema hapana, vile vipimo vya zamani ndo vilikuwa vinachanganyikiwa na nyama mpaka watu wanakatazwa kula vitu fulani kabla, hiki kinatambua damu ya binadamu tu, kwa hiyo hata ungekula ng'ombe mzima hakijali. Tena hata damu ya kutoka juu huko tumboni kwa kawaida inakuwa imeshameng'enywa njiani, ndo maana kinaelekeza zaidi kwenye utumbo mpana. Hicho mi nilikiona kitu cha ajabu sana kwa kichupa kidogo vile.

Hatua inayofuata inaitwa kolonoskopi, wanaingiza mpira mwembamba wenye kamera kuchungulia utumbo mpana wote. Kipimo cha nyumbani ni bure mwanzo mwisho, lakini hiki cha pili ni njia mbili, ama usubiri foleni ya hospitali ya serikali hulipi, ama uende binafsi ulipe. Sisi tulisubiri. Karibu miezi miwili na nusu. Hospitali siitaji na wala sio lengo langu, ila nasema miezi miwili na nusu ukiwa na barua ile nyumbani ni mirefu, anayeweza kupiga simu kuuliza kama kuna mtu ameahirisha basi apige, mama alipata nafasi hivyo hivyo, mtu alighairi wakamwita.

Kujiandaa kwake ndo kazi, kolonoskopi yenyewe sio. Siku kama mbili kabla anakula vyakula vyeupe vyeupe, wali mtupu, mkate mweupe, yai, hamna mchicha, hamna maharage, hamna matunda yenye mbegu, na vinywaji vyekundu vimekatazwa kwa sababu vinaweza kuonekana kama damu kwenye kamera. Halafu ile dawa ya kusafisha tumbo. Aisee. Unakunywa maji mengi yenye ladha ya chumvi ya limau, na baada ya hapo usiende mbali na choo, hata sebuleni ni mbali. Mama alisema kuzaa Nassor kulikuwa na mapumziko zaidi. Siku yenyewe wakamlaza usingizi mwepesi, akaamka anauliza wanaanza saa ngapi, kumbe wameshamaliza. Walikuta polipu mbili wakazikata pale pale kwa kitanzi cha waya, wala hakuhisi, wakazipeleka maabara, hazikuwa kansa, ila moja ilikuwa ya ile aina inayoweza kugeuka ikipewa muda. Ikipewa muda. Hilo neno Mama Nassor amelirudia nyumbani mara nyingi kuliko jina langu. Wamempangia lini arudi kuangaliwa tena, na ile siku lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani maana usingizi ule hauruhusu kuendesha.

Kwa hiyo nyota nne sizitoi kwa sababu karatasi inaelea vizuri.

Ile moja niliyokata sasa. Kwanza bahasha. Inafanana mno na karatasi za matangazo ya mikopo na za paneli za sola, mtu aliyechoka anaitupa bila kuifungua, na kwa kweli mi naamini baadhi ya wale sita kati ya kumi hawajakataa kupima, walitupa hawajui wametupa nini. Pili lebo za vichupa, nafasi ya kuandika ni ndogo utafikiri zimetengenezwa kwa ajili ya sisimizi, na wanaotumiwa ni watu wa miaka 50 kwenda juu ambao hata bei ya dukani tunasoma kwa kunyoosha mkono. Mtu anashindwa kuandika tarehe sio kwa ujinga, haoni. Tatu lugha. Barua ni ya Kiingereza, na mzee aliyekuja hapa kutoka kambini akiwa na miaka 60 ataisomea nini? Ipo namba ya bure ya mpango, 1800 627 701, na ukipita kwa wakalimani wa serikali 131 450 unaomba Kiswahili wanakuunganisha, ni kweli na inafanya kazi, nimewahi kumpigia baba mmoja Mkongo pale mtaani kwetu tukaongea watatu. Lakini ili ujue kuna mkalimani inabidi kwanza uelewe hiyo barua inahusu nini, sasa hapo sijui nani alifikiria. Michoro ya maelekezo iko wazi hata asiyejua kusoma anafuata, michoro naisifu, tatizo ni kufika kwenye michoro.

La nne ni anuani na hili ni letu wenyewe. Wanatuma kwenye anuani uliyoandikisha Medicare. Sisi wa nyumba za kupanga tunahama kila mwaka, kipimo kinaenda nyumba ya zamani, mpangaji mpya anakiangalia anakitupa. Badilisheni anuani jamani. Na kama umeona hakiji, siku hizi hata daktari wako anaweza kukupa mkononi pale pale kliniki, muulize.

Kuna watu wasikitumie, au wasikitumie kwanza. Mwanamke akiwa kwenye siku zake asubiri, wanasema siku tatu baada ya kumaliza, na mwenye bawasiri inayotoa damu wakati huo naye asubiri itulie la sivyo itajibu damu ambayo anaijua. Na la muhimu zaidi, kama unaona damu kwa macho yako, au choo kimebadilika wiki kadhaa, unapungua uzito hujui kwa nini, unachoka ovyo umeambiwa huna damu, wewe usikae unasubiri bahasha wala usifanye hiki kipimo ukatulizwa nacho, nenda kwa daktari moja kwa moja. Vile vile ambaye kwao wameugua hii kansa, mzazi au ndugu wa damu, aongee na daktari maana huenda anahitaji kuangaliwa mapema zaidi na kwa njia nyingine. Hiki ni cha watu wanaojiona wazima. Na hata kikisema hamna damu sio cheti cha maisha, kinaweza kupitiwa, ndo maana wanarudia kila miaka miwili.

Shemeji yangu yuko Melbourne, ana miaka 57, ameshatupa viwili kwa ushahidi wa mke wake. Dada yake alimpigia baada ya kutoka hospitali, sijui walisema nini, simu ilichukua saa nzima na mlango ulifungwa. Wiki iliyopita akanitumia picha hana maneno: kopo la aiskrimu, limeandikwa SIO SAMAKI.